Kula Palipoliwa Tangu Kale: Nasaha kwa Msafiri wa Kilosa na Mikumi

Ziko nchi ambako nyumba ya kulia chakula imepata umri mrefu kuliko tawala zilizopita juu yake. Madrid, katika Hispania, iko Sobrino de Botín, iliyofunguliwa mwaka 1725, ambayo kitabu cha rekodi cha Guinness huitambua kuwa mkahawa mkongwe kuliko yote duniani. Kyoto, katika Japani, iko Honke Owariya, ambayo tarikhi yake huanzia 1465, na ambayo ilikuwa nyumba ya vitamutamu kabla ya kupata sifa ya tambi za soba. Na Salzburg, katika Austria, wenye St. Peter Stiftskeller hujivunia kwamba nyumba yao ilitajwa katika maandishi tangu mwaka 803. Msafiri aliyesoma habari hizo, akashuka Kilosa au Mikumi na hamu ile ile kifuani, atatazama huku na huku aone mapaa ya bati, viti vya plastiki, na ubao wa chaki ulioandikwa wali, ugali, ndizi. Na aghalabu atahukumu kwamba hapa hapana la kale la kuliwa. Hukumu hiyo si ya haki, na kwa kuwa mimi nami nilipata kuitoa katika ujana wangu, naona ni wajibu kumsaidia mwingine asiirudie.

Kosa ni kuutafuta umri wa chakula ukutani. Kwetu bara kiambaza cha udongo na paa la nyasi havikujengwa ili vishindane na dahari. Vilijengwa, vikanyeshewa masika kadhaa, vikabomoka, vikajengwa tena, wala hapana aliyeona fedheha kwa hayo. Kilichodumu ni njia, na pamoja na njia kazi ya kumlisha apitaye njiani. Mto Mkondoa, unaopita Kilosa ukaenda kuongeza maji ya Wami, ulifungua mlango katika milima ya Usagara, na katika mlango huo walipita wapagazi wa Kinyamwezi, matajiri wa Kiarabu na Waswahili wa Mrima, walioondoka Bagamoyo na miji mingine ya pwani kwenda Unyanyembe na Ujiji. Wapelelezi wa Kizungu Burton na Speke walipita mlango huo mwaka 1857. Na mwandishi wa gazeti Stanley, alipokuwa akimtafuta mmisionari Livingstone, aliivuka mbuga ya Mkata mwaka 1871 katika masika, watu wake wakienda majini na matopeni siku baada ya siku, wengine wakiugua kabla ya kuifikia nchi kavu ya vilimani.

Watu wote hao walikula. Pagazi alipewa posho, ambayo kwa desturi ilikuwa kibaba cha nafaka kwa siku, au alipewa kipande cha kitambaa cha merikani na shanga ajinunulie mwenyewe kwa wenyeji. Na jua lilipokuchwa wapagazi walijigawa makundi makundi, kila kundi na chungu chake, mafiga yake na moto wake. Wasagara waliteremka na mtama, kunde, kuku na asali, wakarudi na nguo. Hapo ndipo mkahawa wetu mkongwe ulipozaliwa, bila ya mlango wala jina, na ye yote anayetaka kula mahali pa kale katika nchi ya Kilosa yampasa aujue kwanza ukoo huu, maana bila ya kuujua atapita mbele ya anachokitafuta asikione.

Reli iliufuata mkondo huo huo. Wadachi, yaani Wajerumani, walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905, wakaifikisha Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Na baina ya Morogoro na nyanda za kati haikupata mlango mwingine ila ule ule wa Mkondoa uliojulikana na wapagazi. Mahali pa kambi pakawa stesheni. Yakaja mashamba ya mkonge ya Kimamba na Rudewa, na pamoja nayo manamba kutoka kila pembe ya nchi, ambao nao walikula posho na kuitamani siku ya mshahara ili wale kitu kingine. Wakaja Wahindi na maduka yao, na katika miaka ya 1960 likachepuka tawi la reli kutoka Kilosa kupitia Mikumi hadi Kidatu. Mikumi yenyewe, iliyopata jina kwa miti ile mirefu iitwayo mikumi, iotayo nchini kwake, imekua kwa neema ya barabara kuu iendayo Iringa, Mbeya na Zambia, na kwa neema ya njia panda ishukayo Ifakara kwenye mchele wa Kilombero. Kwa umri ni mtoto mbele ya Kilosa, lakini ni mtoto wa ukoo mmoja.

Sasa nitaeleza nilichokiona kwa macho yangu karibu na stesheni ya zamani ya Kilosa, maana naamini kitafaa kuliko maelezo mengi. Bibi mmoja wa makamo alikuwa amechemsha mbaazi tangu alfajiri, na nilipofika zilikuwa zimeiva bila kupasuka. Pembeni kijana wake wa kike ameketi juu ya kibao cha mbuzi akikuna nazi. Bibi akazikamua chicha kwa maji ya vuguvugu, akaliweka kando tui la kwanza, lile zito, akakamua tena akapata tui la pili, jepesi, nalo ndilo alilolitia kwanza sufuriani pamoja na kitunguu na chumvi. Halafu akasubiri. Tui zito akalimimina mwisho kabisa, akipunguza moto kwa kuvuta kuni mbili nje ya mafiga, na toka hapo mkono wake haukupumzika: aliteka kwa upawa akamimina, akateka akamimina, ili tui lisikatike. Katika mafiga mengine ulikuwapo wali, umefunikwa, na juu ya mfuniko amepalia makaa. Nilipomuuliza amejifunza wapi, akasema kwa mama yake, na mama yake kwa mwanamke wa pwani aliyeletwa huku na mume aliyefanya kazi relini.

Nilipewa sahani ile, na nilipoitazama niliisoma kama msahafu mdogo wa safari. Nazi haikuzaliwa Usagara. Ilipanda na njia. Mbaazi huoteshwa hapo hapo mashambani. Chapati iliyokunjwa pembeni ni ya watu wa Bara Hindi, na pilipili iliyopondwa kwa ndimu chimbuko lake ni mabara ya Amerika, kama lilivyo chimbuko la mahindi na muhogo ambavyo leo twavidhani kuwa vya mababu tangu kuumbwa kwa dunia, ilhali mtama na uwele ndivyo vilivyotangulia kuusonga ugali wa nchi hii. Nyumba ya Madrid huonyesha tanuri lake la kale na mgeni hupewa heshima ya kulitazama. Mimi nasema kwamba sahani ya mbaazi na wali wa kupalia katika Kilosa yastahiki kutazamwa kwa staha kama hiyo, na mgeni asiyetambua alichowekewa amelipa fedha yake akapata shibe tu.

Basi msafiri atapajuaje mahali kama hapo, maadamu hapana kibao wala mwaka ulioandikwa mlangoni? Aulize, lakini aulize swali lililo sawa. Akiuliza ni wapi pana hoteli nzuri ataelekezwa penye vigae na luninga, na waliomwelekeza hawakumdhulumu, kwa kuwa wamejibu alichouliza. Na aulize hivi: ni nani aliyekuwa akipika hapa nyie mlipokuwa watoto, na mahali pake leo yuko nani? Swali hilo alipeleke kwa wachukuzi wa stesheni, kwa mafundi cherehani wa barazani, kwa wazee wanaotoka msikitini au kanisani, na kwa madereva wa malori wenye mvi, ambao tumbo lao lina kumbukumbu ya barabara nzima. Kisha atazame mambo matatu ambayo hayasemi uongo: mafiga yaliyoingia ardhini kwa kukaa sana, masizi ya darini, na wateja wanaoketi bila kuuliza kuna nini. Penye watu wa mji wenyewe, hasa mafundi na walimu ambao hawana fedha ya kuchezea, ndipo.

Saa nayo ina hukumu yake. Supu, iwe ya mbuzi au ya makongoro, huliwa mapema, na afikaye baada ya saa tatu asubuhi atapewa mchuzi uliokwisha mwagiwa maji. Chakula cha mchana kiko katika utamu wake baina ya saa sita na saa nane; ifikapo saa tisa kilichobaki kimebaki, na mpishi mwadilifu atakwambia mwenyewe kwamba kimekwisha. Usimsihi akutengenezee. Amini neno lake, unywe chai na andazi, urudi kesho.

Ukiingia, salamu itangulie macho. Nimeona wageni, na wengi wao ni ndugu zetu wa mijini wala si Wazungu, wakiingia na kufunua masufuria kabla ya kumsalimu mwenyewe, na jambo hilo huumiza moyo wa mpishi kuliko deni. Mwambie shikamoo aliyekuzidi umri, ngoja marahaba, muulize habari za asubuhi, ndipo umwulize leo kuna nini. Katika nyumba hizi hapana orodha ya kudumu. Orodha ni kile ambacho soko limetoa alfajiri ya leo, na busara ni kula kilichoiva badala ya kuagiza kilichomo akilini mwako. Kama kuna kambale au perege, uliza aliletwa lini. Kama kuna mlenda, na wewe hukulelewa nao, omba kidogo kwanza, maana kuacha chakula sahani nzima ni kumwaibisha aliyekipika. Na kama ni wali wa kupalia, omba ukoko. Mpishi atafahamu kwamba umekula kwa watu.

Maji ya kunawa yataletwa kwa birika na beseni, au utaelekezwa kwenye ndoo yenye bomba. Nawa kwa sabuni, kula kwa mkono wa kulia, na ukimkuta mtu anakula akakukaribisha, jibu asante hata kama huna haja. Juu ya afya nasema kwa mkato kwa sababu si jambo gumu: kula kinachotoka moshi, epuka kachumbari iliyokaa, kunywa maji yaliyochemshwa au ya chupa, na zidisha hadhari katika majira ya mvua, kwa kuwa Kilosa ni nchi ya mafuriko, yale ya mwishoni mwa 2009 na mwanzo wa 2010 yalibomoa nyumba za watu na kukata reli, na maji ya mto yakiingia visimani hapana tena kisima cha kuaminiwa. Mwezi wa Ramadhani baadhi ya majiko hulala mchana na kuamka magharibi. Asiyefunga atapata mahali pa kula, lakini ale ndani, asitembee barabarani akitafuna.

Mikumi yataka nasaha ya namna nyingine, kwa sababu Mikumi adui wa mlaji ni haraka. Basi la masafa husimama, utingo hutangaza dakika chache za kula na kuchimba dawa, na watu hamsini humiminika kwa pamoja juu ya wanawake wanne na majiko yao. Hapo niliwahi kutenda kosa ambalo hata leo linanisumbua. Nilikuwa na njaa ya safari, nikaagiza kuku wa kienyeji, nisijali kwamba kuku mwenyewe alikuwa bado anatembea uani. Mama lishe akaniuliza mara mbili kama nina nafasi, nikasema ninayo. Kuku amekwisha chinjwa na maji yako motoni, honi ikapigwa. Nilimwachia nusu ya bei nikakimbia, naye hakunifuata wala hakupaza sauti, alisimama tu na kuku mkononi. Mwezi uliofuata nilishuka pale kwa makusudi, nikamlipa nusu iliyobaki, nikala alichokuwa nacho tayari, ambacho kilikuwa ugali na maharage ya nazi, nao ulikuwa mlo mwema kuliko kuku niliyemtamani. Basi wewe uliye safarini kwa basi, chagua kilichopakuliwa. Beba bakuli lako lenye mfuniko, uombe utiliwe humo. Uwe na noti ndogo, kwa kuwa noti kubwa katika dakika kumi ni dhuluma kwa asiye na chenji. Na ikiwa nia yako kweli ni kuijua Mikumi kwa ladha, usije kwa basi la haraka. Lala usiku mmoja. Kukicha utawakuta wapishi wakipokea mchele kutoka Ifakara, wanaupepeta kwa ungo na kuunusa, na hapo watakuwa na wasaa wa kuzungumza nawe.

Kabla ya mji, kwa atokaye Morogoro, barabara huikata Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyotangazwa mwaka 1964 na yenye kilomita za mraba 3,230, na huko nyani hukaa kandokando wakingoja mkono utoke dirishani. Usiwatupie ndizi wala mfupa. Mnyama aliyezoeshwa chakula cha watu huacha kutafuta chake, hukaa barabarani, na mwisho wake ni gurudumu la lori; na mifuko tunayoitupa huenda tumboni mwa wengine. Kadhalika, akikujia mtu akakunong'oneza kwamba anayo nyama ya porini, tamu, ya bei nafuu, kataa. Nyamapori huuzwa kwa kibali katika bucha zilizoruhusiwa, na isiyo na kibali ni nyara ya Serikali chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Alaye na auzaye wako hatarini sawasawa. Najua yuko atakayesema kwamba hicho ndicho chakula cha asili hasa. Asili ya njia hii, kama nilivyoeleza, ni nafaka, kunde, mboga na ukarimu, na hayo yote yapatikana pasipo kumwogopa askari.

Juu ya malipo, uliza bei kabla ya kupakuliwa, na ukiisha kuambiwa, usipunguze. Kitenge sokoni hupatanwa, na hata kuku mzima hupatanwa; lakini sahani ya chakula kilichopikwa imekwisha hesabiwa kuni, mafuta, maji ya kununua kwa ndoo na ushuru, na faida iliyobaki ndani yake ni ndogo mno. Ukitaka kupiga picha, omba ruhusa baada ya kula, si kabla, ili mpishi ajue ulikuja kwa chakula chake. Na ukipenda kuchukua ujuzi kwenda nao kwako, usiridhike kuandika vipimo, maana vipimo havipo; nunua mbaazi kavu kwake au kwa jirani yake, umwombe akuonyeshe kwa mkono, uketi juu ya kigoda umtazame mpaka mwisho.

Nasisitiza haya kwa sababu mambo yamebadilika. Mwaka 2024 reli mpya ya umeme ilianza kuchukua abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, na safari iliyokuwa ya siku nzima imekuwa ya saa chache. Ni fahari ya nchi, nami nafurahi kuipanda. Lakini dirisha lake halifunguliwi, na kwa miaka zaidi ya mia dirisha la gari moshi ndilo lililokuwa meza ya Kilosa: mikono ilipanda na mihogo, mayai, samaki wa kukaanga na miwa, mikono ikashuka na senti, na biashara hiyo ndiyo iliyowasomesha watoto wengi wa mji huu. Abiria wa leo anayetaka kula pale alipokula babu yake lazima akusudie. Lazima ashuke, aiache gari iende, atembee hadi kwenye majiko.

Nilipoaga siku ile ya mbaazi, nilimwambia yule bibi kwamba nitarudi na watoto wangu. Alikuwa akiosha sufuria kwa mchanga na jivu, hakuinua kichwa, akasema, "Haya baba, karibuni. Mkichelewa piteni uani, mlango wa mbele naufunga saa tisa."